Jino la Lucky

Kazi yangu ni kuchoma mifupa ya ng'ombe. Jirani wakisikia harufu ya tanuri hunitania kwamba nafuga fisi, nami huwaambia wapite haraka kabla hajaamka. Mifupa ikiiva tunaisaga na kuijaza kwenye ndoo, na maji yakipita humo huacha floraidi, yale madini yanayotoka ardhini huku kwetu Momela na kuwapaka watoto meno rangi ya kutu. Yangu yako hivyo. Tangu shule ya msingi nacheka kiganja kikiwa mdomoni.

Mfadhili wa mradi huu wa maji alipoondoka tulibaki wawili, mimi na mzee Lesian, ambaye macho yake hayaoni tena vizuri rangi ya moto, na rangi ndiyo inayosema mifupa imeiva. Nikiondoka, tanuri linazimika.

Ndipo hoteli moja ya watalii ikaniita kazini mapokezi. Mkataba, bima, mshahara wa uhakika. Meneja, Calvin, alisema kwa upole, "Dada Diana, hayo meno yasikusumbue. Daktari atayafunika yote kabla hujaanza. Ni juu yetu."

Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Nilikuwa na hasira, maana mtu nisiyemjua alikuwa amegusa kitu pekee ambacho kingeweza kuninunua.

Mama alifurahi mpaka akaimba pambio jikoni. Tunaishi watatu: yeye, mimi na Lucky, binti wa marehemu kaka yangu. Maji yaleyale yalimpinda Mama miguu, hatembei bila fimbo.

"Bima itanitibu hata mimi," alisema. "Lesian atapata mtu mwingine."

"Hakuna mwingine, Mama."

"Mkono mtupu haulambwi, Diana."

Nilikubali kwamba Jumatatu nitasaini.

Jumapili, tulipotoka kanisani, Lucky alilalamika kwamba ufizi unamuuma pale jino lake la mbele lilipong'oka. Nikamsimamisha mlangoni penye mwanga, nikamwambia afungue mdomo. Huku kwetu meno ya utoto hudanganya. Hutoka meupe, kisha yale ya ukubwani ndiyo huja na kutu. Lakini Lucky, tangu aachishwe ziwa, hajanywa maji mengine ila ya ndoo yangu.

Jino jipya lilikuwa limechomoza nusu. Lilikuwa jeupe.

"Mama, njoo uone."

Alikuja na fimbo yake, akainama, akatazama muda mrefu. Kisha akaketi juu ya gunia la mahindi.

"Mimi ndiye niliyekunywesha yale maji," alisema. "Kila siku nikikuambia kunywa, ukue."

"Hukujua, Mama."

"Na miguu yangu, utaitibu kwa kitu gani?"

"Sijui," nilisema, na kweli sikujua.

Hakunikataza. Nikampigia Calvin palepale, nikamwambia sitakuja kusaini. Aliuliza kama mshahara ndio tatizo, nikamwambia hapana, unatosha kabisa. Alinitakia heri, akakata simu.

Nilibaki nimesimama nikilia, kiganja mdomoni kama kawaida yangu. Mama aliinuka taratibu, akanisogelea, akanishika kifundo cha mkono.

"Toa mkono, mwanangu," alisema. "Nikuone."