Barua Chini ya Mguu wa Meza

Wazazi wenzangu, chungulieni chini ya meza za watoto wenu, hata wale waliokwisha kuota ndevu. Mama Spana angechelewa siku tatu tu, binti yake angefunga kazi.

Aliiona barua kwa sababu meza ilikuwa imetulia. Meza ile ya kibandani kwa bintiye ilichechemea tangu siku iliponunuliwa, na leo chai haikumwagika. Akainama. Chini ya mguu mmoja palikuwa na bahasha ya ofisi ya kodi, imekunjwa mara nne.

"Spana, hii ni nini?"

Binti, ambaye mtaa mzima ulimwita hivyo kwa kazi yake ya kutengeneza cherehani mbovu, hakuinua hata kichwa. "Hao wa kodi, mama. Ukiwanyamazia watachoka."

"Watachoka? Wenzio wanalipwa mshahara kukungoja. Utachoka wewe."

Shule mama aliishia ya msingi, na barua aliisoma kidole kikifuata mstari. Ilisema hapa pana kiwanda cha ushonaji chenye mashine tisa, kodi imekadiriwa kwa ukubwa huo, na asiyekubali aandike pingamizi ndani ya siku thelathini. Akahesabu. Zilibaki tatu.

"Nani kawaambia una kiwanda?"

"Jirani anasema alipita ofisa nikiwa sipo. Akachungulia dirishani, akahesabu."

Hapo mama akacheka. Zote tisa zilikuwa za watu. Kila moja ilifungwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe na ugonjwa wake: inaruka nyuzi, inatafuna kitambaa, pedali nzito.

"Lete daftari," akasema. "Na hivyo vikaratasi nisomee kimoja kimoja."

Aliandika kwa mkono, bila madoido: mashine hizi si zetu, zimeletwa kutengenezwa, wenyewe ni hawa na simu zao ni hizi, njooni mwone. Akaandika tena vilevile kwenye karatasi ya pili.

"Ya nini mara mbili?"

"Ya kwao na ya kwangu."

Kesho yake, kwenye kaunta ya ofisi ya kodi, karani alimwonyesha trei iliyojaa makaratasi. "Weka tu hapo, mama."

"Nitaweka. Na hii nakala yangu nigongee muhuri."

"Kwani huniamini?"

"Wewe nakuamini, baba. Trei ndiyo siijui."

Karani akagonga muhuri na tarehe, huku foleni ikiguna.

Baada ya wiki tano ikaja barua ya pili: hatukupokea pingamizi lolote. Spana akaketi sakafuni. Mama alifungua sanduku la nguo, akatoa nakala, akajifunga mtandio. "Inuka. Twende."

Karani aliutazama muhuri wake mwenyewe, akakuna kichwa, akamwita ofisa.

Ofisa akaja kibandani, safari hii kwa mlango. Alisoma vikaratasi, akapiga simu mbili tatu kwa wenye mashine, lakini bado alikuwa na shaka.

"Binti, kushona hushoni kabisa?"

"Hata shati langu nampa mama."

Ofisa akavua koti lenye kifungo kinachoning'inia mkononi. "Hebu nishikizie hiki."

Spana alijichoma mara mbili, akavuta uzi, akakata kwa meno. Kifungo kilikaa imara. Ofisa alipovaa koti, ngumi yake ikagota njiani: mkono wa koti ulikuwa umeshonwa pande zote mbili, umefungwa kama gunia.

"Nimeridhika," ofisa akasema, akaomba mkasi.

Barua ya tatu ilisema makadirio ya kiwanda yamefutwa, na Spana atahesabiwa kama fundi mmoja. Aliisoma mara mbili, akaikunja mara nne, akautupia jicho mguu wa meza.

"Thubutu," akasema mama, akanyoosha mkono.