Ukuta Usio na Pengo

Mafundi wenzake walimwita Kioo, kwa sababu ukuta akiumaliza yeye, walisema, unaweza kunyoa ndevu ukiwa mbele yake. Walitia chumvi, lakini si nyingi. Alikuwa amepaka rangi nyumba na ofisi za watu kwa miaka ishirini na sita, kumi na tano kati ya hiyo akiwa na shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe, na hakuna mteja aliyewahi kumwita arudie kazi. Jambo hilo alilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Basi siku aliyorudi kuchukua koti alilosahau, akamkuta shemeji juu ya ngazi anapaka ukuta ambao yeye Kioo alikuwa ameumaliza saa moja nyuma, alichukia hasa.

"Unafanya nini hapo?"

"Nagusagusa tu, shem."

"Unagusagusa nini? Huo umeshakwisha."

Shemeji alishuka taratibu. Angeweza kusema ukweli. Badala yake akajichekesha. "Mkono unaniwasha, shem. Umeshazoea brashi."

Siku nyingine Kioo angemjibu kwa utani, maana hao wawili hawakuishiwa. Safari hii alijiona mtu mzima anayesahihishwa kisirisiri kama mtoto wa shule, na pengine mteja keshanong'onezwa. Akamwambia akusanye vitu vyake, akatafute kuta zake mwenyewe. Shemeji akakusanya, akaenda. Mke wa Kioo alipopata habari alipika siku mbili bila chumvi, na kwa mwanamke yule hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Kazi iliyofuata, korido ya shule, Kioo aliifanya peke yake. Alipomaliza alirudi nyuma hatua nne, akaitazama mwanzo hadi mwisho: krimu tupu. Kesho yake mwalimu mkuu akamwita.

"Fundi, hapa umeruka. Na hapa. Na pale juu ya soketi."

Kila alipoelekeza kidole, Kioo aligeuza macho na kiraka kikajitokeza, plasta ya kijivu, kikubwa kama sahani. Jana viraka hivyo havikuwepo, angeapa. Jibu alilipata upesi: shemeji amepita na msasa, amekwangua rangi kulipa kisasi. Akalisema kwa sauti. Mwalimu mkuu akasogea mbele yake. Alimwambia amtazame puani, asihamishe macho, kisha akanyoosha mkono pembeni.

"Naupunga au nimeutuliza?"

"Upi?"

"Mama yangu mzazi alianza hivi hivi," mwalimu mkuu alisema. "Nenda hospitali. Korido itakungoja."

Hospitali aliweka kidevu kwenye mashine, jicho moja likafunikwa, akaambiwa akazie taa ya katikati na abonyeze kitufe kila akiona nukta ya mwanga. Alibonyeza kwa bidii. Kuna vipindi mashine ilipumzika, naye akapumzika nayo. Karatasi ilipotoka, ilikuwa na doa jeusi pana. Ya jicho la pili vivyo hivyo.

"Hapa mashine haikupumzika," daktari alisema. "Ilikuwa inawasha."

"Lakini mimi sioni giza, daktari. Ningeona giza ningejua."

"Wengi hawalioni. Hii presha ya macho inakula mshipa polepole, bila maumivu. Pale jicho lisipoleta kitu, ubongo unachukua kilichopo kando unajazia. Kando pana krimu, basi unaona krimu."

Akampa matone ya kila siku, ya maisha. Kilichobaki kitalindwa, kilichokwenda hakirudi. Kioo akauliza, je, kama angekuja mapema? Daktari alizipima zile karatasi kwa macho. Miaka miwili nyuma, akasema, huenda angeokoa karibu yote.

Njiani Kioo alielewa shemeji alikuwa akigusagusa nini, na aibu ikampanda hadi masikioni. Hakupitia nyumbani. Alimkuta shemeji uani, anapiga msasa mlango wa mtu.

"Nimekukosea, shem. Nilikufukuza kwa kosa la macho yangu." Akamweleza kila kitu, isipokuwa lile neno la mwisho la daktari.

Shemeji aliweka msasa chini, akakalia ndoo. "Viraka nilikuwa naviona. Nikadhani ni uchovu, umri. Nikasema nikikwambia nitakuvunja moyo. Ndiyo maana nilikuwa nabaki nyuma, nafunika."

"Tangu lini?"

"Tangu ile kazi ya benki. Inapata miaka miwili na kitu."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kuhusu anayefichiwa hawakusema lolote. Hasira ikamshika Kioo. Kila kiraka kilichofunikwa kwa upendo kilikuwa barua ya kumwita kwa daktari, na barua zote zilichanwa kabla hajazisoma. Alimtazama shemeji usoni. Ilibidi ageuze kichwa ndipo akaona kuwa mikono ya shemeji imeng'ang'aniana magotini.

"Shem," shemeji aliuliza, "ungekwenda wakati ule, daktari anasemaje? Ingesaidia?"

Kioo akavuta ndoo ya pili, akakaa.

"Wala," alisema. "Anasema ingekuwa hivi hivi tu. Kesho saa mbili tuna korido ya kumaliza, na ngazi utapanda wewe."