Vidoa Usoni mwa Bibi Harusi

Kouraichia alifuta kioo cha kompyuta kwa upindo wa leso yake, akafuta tena, na bado kidoa cha kijani kilikuwa palepale kwenye shavu la bibi harusi. Aliporudisha picha nyuma kidogo ili akitazame vizuri, kilikuwa kimeshahamia kwenye kofia ya bwana harusi.

Kando yake aliketi Halimati, mama wa bibi harusi, amekuja kuona kazi kabla nakala ya video haijapelekwa Mayotte kwa nyanya yake bibi harusi, ambaye miguu ilimzuia kuja harusini.

"Mdogo wangu," Halimati akasema taratibu, "hicho ni nini usoni mwa Hayrat?"

"Kioo hiki, dada. Kina vumbi."

"Vumbi gani linalotembea?"

Kouraichia aliizima kompyuta, akasingizia joto, akamtengenezea mgeni chai. Halimati alikunywa nusu, akaaga. Mlangoni aligeuka. "Siku ile mimi nilikuwepo tangu asubuhi. Hakukuwa na kitu cha kijani." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba aambiwe kwamba hajasahau.

Kouraichia alikuwa mshonaji wa nguo za harusi hapo Hell-Ville, kisiwani Nosy Be. Miaka mingi alikaa pembeni kwenye harusi za watu, sindano mkononi, akisubiri pindo lifumuke, na kutoka pembeni huko ndiko alikojifunza kuona: mama anayelia kabla ya wakati, mjomba anayeficha kitumbua mfukoni. Alipopata kamera na kuanza kurekodi harusi, watu walishangaa jinsi alivyojua pa kuielekeza. Kompyuta ndiyo hakuijua. Hiyo ilikuwa kazi ya Zoubeir, mdogo wake wa tumbo moja, fundi wa kompyuta mtaa wa Tanambao, Mahajanga. Mwezi wa saba mwaka ule wa 2013 Zoubeir alimletea kasha jipya, na ndani yake kadi kubwa yenye feni mbili, kadi ambayo kazi yake ni kuchora picha zote zinazotokea kwenye kioo. Video ya harusi iliyokuwa ikichukua siku nzima kukamilika sasa ilimalizika kabla wali haujaiva. Kouraichia alishukuru, wala hakuuliza.

Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua bado hazijaja, na chumba chake cha juu, chini ya bati, kilikuwa kama ndani ya sufuria.

Baada ya Halimati kuondoka alichukua kamera, akaitazama harusi yote kwenye kioo chake kidogo. Safi. Uso wa Hayrat ulikuwa uso wa Hayrat. Akairudia kazi kwenye kompyuta, akatoa diski, akaiweka kwenye televisheni sebuleni. Wakati wa dua vidoa vikatokea, vitatu vinne, vikameta kwenye mikono ya mashehe na kupotea. Akatoa diski ya pili. Mara hii dua ilikuwa safi, lakini vidoa vilikuwa vimemwagika kwenye sinia za vyakula. Aliziweka diski mbili mkononi, moja kulia na moja kushoto, akashindwa kuelewa. Harusi ni moja. Kamera ni moja. Inakuwaje basi kila nakala ina ugonjwa wake?

Kesho yake asubuhi aliwasha kompyuta, na hakukuwa na kidoa hata kimoja. Alifurahi hadi akaimba. Baada ya sala ya adhuhuri vikarudi.

Akapitisha siku kadhaa akijaribu hili na lile. Alibadilisha waya wa kioo. Aliomba kioo kingine kwa jirani. Alisoma Ayatul Kursi, kwa sauti ndogo, kwa kuona haya mbele ya mashine. Akagusa nyuma ya kasha, akakuta upepo unaotoka ni wa moto kama pumzi ya mgonjwa. Basi, akasema, kumbe ni joto tu! Akaleta feni ya mezani, akaielekeza papo hapo pa moto, ipige kwa nguvu zote. Kioo kikajaa vidoa kama ukuta ulioota ukungu, kisha kikawa cheusi, na kompyuta ikazimika.

Alikaa kitandani akaitazama feni. Ameipoza, nayo imekufa.

Alimpigia Zoubeir.

"Feni umeiweka wapi?" Zoubeir akauliza.

"Nyuma. Panapotoka moto."

"Dada, pale nyuma ni pa kutolea. Kompyuta inavuta hewa mbele na kuitoa nyuma. Wewe umeurudisha moto ndani."

"Na vile vidoa vya kabla ya feni?"

Upande wa pili pakawa kimya. "Njoo nayo," akasema Zoubeir hatimaye. "Kwenye simu sitaweza."

Akalifunga kasha kwa mashuka mawili, akavuka kwa mashua hadi gati la Ankify, upande wa bara, huku akilipakata mapajani. Mchukuzi mmoja gatini alimuuliza kama ni cherehani, naye akajibu ndiyo, kwa kuwa kueleza kulimshinda. Kutoka hapo ni barabara, mashimo na vumbi, usiku na mchana, hadi Mahajanga, na njia nzima alikuwa akijiuliza kile kimya cha mdogo wake kilikuwa cha nini.

Zoubeir alimpokea kwa furaha, akaiunganisha kompyuta kwenye chumba chake cha kazi, chenye sakafu ya vigae na kiyoyozi kinachovuma ukutani. Iliwaka mara moja. Akaichezesha harusi, dua, sinia, uso wa bibi harusi. Ikapita saa, ikapita nyingine. Hakuna kidoa.

"Mimi si mwongo," Kouraichia akasema.

"Sijasema, dada."

"Halimati naye aliona. Si macho yangu." Nyumbani kwa Zoubeir kila mtu huzungumza Kimalagasi, lakini hapo Kouraichia alihamia Kikomori cha mama yao, lugha aliyoitumia kumkemea Zoubeir tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni. "Haya, niambie. Unajua kitu."

Zoubeir akajikuna shingo. "Ile kadi niliizidishia mwendo."

"Mwendo gani?"

"Kiwandani huipangia mwendo wa kufanya kazi. Kuna programu ya kuupandisha kupita hapo. Nilitaka kazi zako zimalizike haraka, upumzike. Nikaupandisha, nikaijaribu hapahapa, ikashika. Nikaona hakuna haja ya kukuchosha na maneno."

Kouraichia alimtazama. Alikuwa na hasira, lakini hasira yenyewe haikujua pa kutua. Mtu amemfanyia hisani, na hisani hiyo imemwagika usoni mwa mtoto wa watu. "Kama ilishika hapa," akasema, "na namba ni zilezile, kadi ni ileile, kwangu inaugua nini?"

"Hapo ndipo na mimi sielewi," Zoubeir akakiri. "Labda umeme wa kwenu. Labda chumvi ya bahari."

"Uliijaribu lini?"

"Mwezi wa saba, wakati wa baridi."

"Humu?" Kouraichia akanyoosha kidole kwenye kiyoyozi.

Zoubeir akakitazama kiyoyozi, akachomoa waya wa umeme.

Wakaibeba kompyuta hadi baraza ya nyuma, palipoezekwa bati, jua likiwa limesimama juu ya mji. Wakaichezesha harusi. Jasho liliwatoka wote wawili. Nyuzi za joto la kadi, zilizoandikwa pembeni mwa kioo, zikapanda hadi themanini na kitu, zikazidi kupanda. Halafu, kwenye shavu la Hayrat, kidoa cha kijani.

"Hicho!" Kouraichia akaruka. "Umekiona? Sema umekiona!"

"Nimekiona, dada. Kadi ikizidiwa na moto inakosea kuchora, kila mara mahali pengine."

Akacheka hadi machozi yakamtoka, akaketi kwenye kizingiti. Siku zote hizo hakuwa akitafuta dawa. Alikuwa akitafuta mtu wa kuona pamoja naye.

Waliamua kuifanyia kazi palepale kwenye joto. Zoubeir akaizima, akaitoa kadi. Katikati ya mapezi ya alumini, yanayobeba moto kutoka kwenye kadi ili feni ziupeperushe, nyuzi za pamba na manyoya ya vumbi vilikuwa vimejazana. Mabaki ya ushonaji bado yalielea chumbani kwa Kouraichia. Zoubeir akazishika feni kwa kidole zisizunguke, akayapiga mswaki mapezi moja moja. Akairudisha, akaurejesha mwendo wa kiwandani, akaziamuru feni zianze kukimbia mapema, kabla moto haujakomaa. Joto likashuka waziwazi, na harusi ikapita safi.

"Sasa tunapandisha," akasema. "Kidogo tu. Tunaiacha ifanye kazi, tunatazama joto na kioo. Ikikubali, kidogo tena. Kidoa cha kwanza kikitokea, tumeshapita mpaka, tunarudi nyuma."

"Tunarudi hadi pale kilipokuwa hakijatokea?"

"Chini zaidi ya hapo. Siku nyingine itakuwa na joto kuliko leo."

Kazi hiyo iliwala alasiri yote. Kouraichia ndiye aliyekuwa jicho. Kidoa kilipotokea, kidogo kama mbegu ya ufuta, yeye alikiona kwanza, kwenye kucha ya bibi mmoja nyuma ya umati. Zoubeir akashusha. Kouraichia akasema shusha tena. Zoubeir akamwambia wanapoteza mwendo bure. "Shusha," akasema, naye akashusha. Ulikuwa mwendo uliozidi wa kiwandani kwa kiasi kidogo tu, na Kouraichia aliusema kwa sauti mara tatu ili aushike kichwani.

"Wakati mwingine niambie," alimwambia mdogo wake akipokea chai. "Hata kama sielewi. Hasa kama sielewi."

Aliporudi Nosy Be aliliweka kasha mbali na ukuta, mgongo ukielekea dirishani, na feni ya mezani akaiweka mbele. Akatoa diski saa za joto, kwa makusudi, kisha akaenda nayo kwa Halimati.

Waliitazama yote, bega kwa bega. Dua ikapita. Sinia zikapita. Hayrat akainua uso, safi. Kisha Halimati akashika mkono wa Kouraichia.

"Pale. Umeona? Kijani."

Wakarudisha nyuma. Ilikuwa salouva, nguo ya kike ya kujifunga, ya mgeni mmoja, imetariziwa vipande vya kung'aa, na taa ya kamera imevigusa. Wakarudisha tena ili wahakikishe. Wakarudisha mara ya tatu.

"Ni nguo," Halimati akasema.

"Ni nguo," Kouraichia akaitikia, ingawa alisogea hatua moja karibu zaidi na televisheni, akainama, akaendelea kutazama.