Kuku, Mwambie Apunguze

Phelista alipenda kuwaambia wanawake wenzake wa Matulo kwamba hakuna mtu, awe dereva awe polisi, anayeijua barabara ya Webuye kwenda Kitale kama yeye: kila shimo, kila tuta, kila kona. Kisha, kabla hajasifiwa, aliongeza mwenyewe kwamba anaijua kwa makalio tu, maana macho huwa ameyafumba tangu Lugulu.

Aliyemfundisha kufumba macho alikuwa mkwe wake Kizito, mume wa binti yake Viola. Kizito alikuwa kijana mwema. Alikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo pale Kitale, pombe hakugusa, na kanisani aliimba sauti ya chini bila kuombwa. Lakini akishika usukani, wema wote aliuacha pale gari lilipokuwa limesimama. Desemba iliyopita alimbeba Phelista kwa mwendo ambao kitambaa chake cha kichwa kilipeperuka kikatoka dirishani, na kama hakijavaliwa na mtu wa Misikhu, basi mpaka leo kiko juu ya mti.

Na kumkemea hangeweza. Kwa Wabukusu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani ovyo. Kanisa lilikuwa limelegeza mambo kidogo, hata wakaweza kupanda gari moja, Phelista kiti cha nyuma, Kizito mbele, na kile kioo cha katikati kimegeuzwa kutazama paa wasije wakakutana macho. Lakini kumwambia mkwe wako uso kwa uso, "Punguza, utatuua," hapo kanisa lilikuwa halijafika. Kwa hiyo Phelista alimwambia Viola, Viola akamwambia mumewe, na ujumbe ulipofika, kona yenyewe walikuwa wameshaipita.

Phelista hakuwa mwoga wa bure. Kaka yake Mukhwana alitoka kwenye gari lililopinduka akiwa na mguu mmoja mfupi, na tangu siku hiyo hutembea kama mtu anayetaka kukuambia siri. Basi Phelista akatoa amri: gari lisilo na gavana halina mama mkwe.

Hakumaanisha gavana wa kaunti. Huyo ni wa kura, na kwa ulimi wa Matulo kura na kula hutamkwa sawa, kwa hiyo watu huachia hapo. Alimaanisha kile kidude kinachofungwa kwenye matatu na malori, gari likifika themanini ligome, hata ukanyage mafuta mpaka mguu utokee chini. Redioni watu walikuwa wakibishana kama kila gari, hata la mtu binafsi, lifungwe kwa lazima. Phelista alikuwa upande wa lazima. Kizito alikuwa upande wa kuzima redio.

Walishabishana, lakini kwa adabu: Kizito sebuleni, Phelista jikoni, ukuta katikati, na Viola mlangoni kama karani wa mahakama.

"Viola, mwambie mama hii gari yangu si matatu," Kizito alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. "Mimi ni mtu mzima. Niko na breki na niko na akili."

"Mwambie breki nimeziona," Phelista akajibu kutoka jikoni.

"Na nikiwa na mgonjwa je? Si ni lazima nimkimbize hospitali?"

"Mwambie hata huyo mgonjwa angependa kufika."

Kizito hakushindwa wala hakushinda. Mambo yakabaki hivyo mpaka mahindi yalipoanza kukauka shambani na Viola akajifungua msichana. Sasa nyumba ilihitaji mama wa kumkanda mzazi na kumpikia uji, na mama huyo alikuwa Matulo amekunja mikono, anangoja gavana. Siku ya tatu Viola akapiga simu. Kizito amekubali. Ameenda kwa fundi, gavana imefungwa, themanini basi. Anakuja kukuchukua.

Phelista alimshukuru Mungu, akamshika kuku mwekundu aliyenona, akamfunga miguu na kumweka kwenye kikapu kwa ajili ya mzazi. Kizito akaja, akasalimia kwa mbali huku akitazama mgomba, akageuza kioo kuelekea paa. Safari ikaanza, na ndipo Phelista akagundua tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria: Viola hayupo garini. Nani atapeleka maneno?

Walipita Webuye kimya. Walipita Lugulu kimya. Gari lilikwenda kwa utulivu kama linasindikiza askofu, na kwa mara ya kwanza Phelista akaona kwamba kando ya barabara ile kuna nyumba. Furaha ikamzidi. Akamwinamia kuku.

"Wewe kuku," akasema, "mwambie aliyetubeba kwamba leo ameendesha vizuri."

Kizito akakohoa.

"Kuku, mwambie mama asante."

Mambo yakafunguka. Na kwa kuwa kwa Kibukusu nyanya wa mtoto ni kukhu, na Phelista alikuwa na siku tatu tu tangu aitwe hivyo, gari likinguruma mtu wa nje asingejua ni nani anayeambiwa, kuku ama kukhu. Kizito aliuona mwanya huo akautumia. Kuku aliambiwa bei ya mbolea, akaulizwa hali ya mguu wa mjomba Mukhwana, na alipokaa kimya, kukhu alimjibia.

Wakapitwa na kila kitu. Walipitwa na lori la mahindi, ambalo gavana yake lazima ilikuwa imelegezwa. Walipitwa na bodaboda iliyobeba mbuzi, na mbuzi akageuka kuwatazama.

"Kuku, mwambie mama ndiyo hiyo gavana," Kizito alisema, akiuma mdomo. "Nakanyaga lakini inakataa."

"Mwambie iendelee kukataa."

Wakiwa karibu na Kamukuywa, simu ya Phelista ikalia. Alikuwa Viola, amechoka. Kwa siku tatu mama wawili walikuwa wakimpigia kuhusu jina la mtoto. Phelista alitaka Nasimiyu, jina la marehemu mama yake. Mama yake Kizito, aliyekaa Bungoma mjini, alitaka mtoto aitwe Sellah. Yeye mwenyewe aliitwa Sellah.

"Mama, nimeshindwa na nyinyi," Viola alisema. "Kukhu atakayefika wa kwanza ambebe mtoto, huyo ndiye atatoa jina. Na mama Kizito ametoka Bungoma asubuhi na pikapu ya Wabwile. Safari njema, na msikimbie."

Phelista akaweka simu kifuani. Wabwile alikuwa binamu yake Kizito, na pikapu yake ilikuwa gari la mtu binafsi, halijui gavana ni mnyama gani. Wangepitia njia ya Kimilili, na njia ya Kimilili inatokea papo hapo Kamukuywa.

Akaanza kuutazama ule mshale wa mwendo kupitia juu ya bega la mkwe wake. Themanini. Akatazama migomba. Migomba ilikuwa haina haraka.

"Kuku," akasema polepole, "hebu muulize, hiyo gavana ni ya kufungwa kabisa, ama kuna mahali huwa inalegezwa kidogo?"

"Kuku, mwambie mama imepigwa muhuri," Kizito akasema. "Hata fundi mwenyewe hawezi kuigusa. Ni mambo ya kompyuta."

"Muulize kama kompyuta haijui dharura."

"Kuku, mkumbushe mama kwamba hata mgonjwa angependa kufika."

Maneno ya Phelista mwenyewe yalikuwa yamemrudia yakiwa na meno.

Wakafika Kamukuywa, na pikapu ya buluu ikachomoka kutoka upande wa Kimilili, ikaingia barabarani mbele yao. Dirishani alikuwa Sellah. Aliwaona. Hakufanya haraka, alivua leso begani, akaitoa nje, akawapungia taratibu kama mtu anayeaga wafiwa. Kisha Wabwile akapiga honi ya dharau na pikapu ikapotea kwenye kona.

Honi ile haikumwendea Phelista. Ilimwendea Kizito, ambaye tangu utotoni alikuwa hajawahi kupitwa na Wabwile kwa chochote isipokuwa kula. Mguu ukashuka wenyewe. Gari likaruka mbele, kikapu kikateleza, kuku akapiga kelele, na mshale ukaivuka themanini, ukaivuka mia, ukaendelea na safari zake.

"Kuku," Phelista akasema, "muulize gavana ameenda wapi."

Kizito akatafuta jibu barabara nzima. "Mwambie mama tuko kwenye mteremko. Kwa mteremko gavana huwa inashindwa."

"Mwambie hapa tunapanda."

Na kweli walikuwa wanapanda. Kutoka pale kwenda Kitale ni kupanda tu, hata maji yanajua. Shingo ya Kizito, ambayo ndiyo sehemu pekee ya mkwe wake ambayo Phelista aliruhusiwa kuitazama, ilibadilika rangi. Hapakuwa na fundi. Hapakuwa na muhuri. Kulikuwa na kijana aliyeuma mdomo tangu Webuye ili mke wake apate mama wa kumpikia uji.

Phelista alikuwa na maneno ya kusema, mengi, na mazuri. Lakini mbele akaiona pikapu ya buluu, na leso ikiwa bado inapepea, na ndani ya leso ile akamwona mjukuu wake akiitwa Sellah mpaka uzeeni.

"Kuku," akasema, "mwambie hayo tutayazungumza Kitale. Kwa sasa aangalie mbele."

Walipoifikia pikapu na kuipita, Phelista alijikuta ameshusha kioo. Mkono wake ulifanya nini, uulizwe mkono wenyewe.

Kicheko chake hakikuwa kimeisha walipotokea ng'ombe. Walikuwa wawili, wanavuka kwa heshima zao karibu na Kiminini, na mzee mmoja nyuma yao na fimbo. Kizito akakanyaga breki kwa miguu yote. Matairi yakalia, gari likayumba, likasimama pua yake ikigusana na pumzi ya ng'ombe. Kuku alikuwa ametua kwenye mapaja ya Kizito. Mzee aliwatazama, akatikisa kichwa, akavusha mali yake.

Phelista alimfikiria Mukhwana. Alimfikiria Viola akiwa na uji usio na mpishi.

"Kuku," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "ukiwa huko mbele, mwambie Jumatatu aende akaifunge ya kweli."

"Nimeambiwa, kukhu," Kizito akajibu, na safari hii hakusingizia kuku. "Nitaifunga."

"Na aifunge mtu asiyetujua, asiyeweza kuombwa. Nilikuwa nafikiri ni ya kuwazuia nyinyi vijana." Akavuta leso yake begani. "Kumbe hata mimi."

Wakaenda themanini mpaka Kitale, wakitazama nyuma kwa vioo vya pembeni, na pikapu haikuonekana. Wabwile alikuwa amesimama mahali kumnunulia Sellah mahindi ya kuchoma, maana mtu akishajua ameshindwa, njaa humjia.

Phelista akaingia chumbani, akanawa mikono, akampokea mtoto. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na alikuwa na paji la uso la marehemu. Phelista akamnong'oneza sikioni, "Nasimiyu," na mtoto akapiga chafya, ikahesabiwa kuwa amekubali.

"Mmefika mapema," Viola akasema kutoka kitandani, akitabasamu. "Gavana ilifanya kazi?"

Phelista akatazama mlangoni. Kizito alikuwa amesimama nje na kikapu, anasoma sakafu. Kijana wa watu. Siku ya furaha kama hii.

"Imefanya kazi sana," Phelista akasema. "Themanini. Tangu kwangu Matulo mpaka mlangoni hapa, haijapita hata nukta. Nimelala njiani."

Viola akavuta pumzi ya raha. Ndipo mlango wa mbele ukafunguka na Sellah akaingia, vumbi kichwani na punje ya hindi mdomoni.

"Viola, mwanangu, wacha nikae," akasema. "Wabwile ametaka kutupeleka mtaroni. Ati gari ya Kizito imetupita kama jiwe la manati, bana, na mama yako nusu nzima nje ya dirisha, anapunga leso na kuimba."

Viola akamgeukia mama yake.

"Themanini?" akauliza.

Phelista alimrekebishia mtoto shuka, ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

"Kwa wastani," akasema, "ukichanganya na pale tuliposimamishwa na ng'ombe."