Simu Zinazozimika Kona ya Kinyozi

Pale idara ya upelelezi wote walimwita Mama Mdogo. Ndiye aliyewafunda makachero, akiwemo Kinyonga, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu ananyonya. Somo la kwanza lilikuwa hili: "Ukifika kona ya kinyozi, zima simu. Usije nayo inapumua mpaka getini kwetu, adui akajua unafanya kazi hapa."

Asubuhi moja fundi wa kompyuta, mwanamke mjamzito aliyekaribia kujifungua, akamwita.

"Mama Mdogo, njoo uone maajabu. Ramani ya mienendo ya simu za watu, inauzwa mtandaoni kama karanga."

Kwenye kioo nukta nyekundu zilitiririka kama siafu. Zikifika kona ya kinyozi, fyu! Zinazimika. Jioni zinawaka palepale.

"Si ndivyo nilivyowafundisha?"

"Ndivyo, na zamani ilikuwa ngao. Lakini siku hizi nani mwingine anazima simu kona ileile kila siku? Tumejipaka chokaa usoni." Akagusa nukta moja. "Huyu ni Kinyonga, kabla hajaenda kujifanya muuza vipuri. Laini alibadilisha, simu ni ileile, na sasa inawaka huko dukani kwake."

Wauza silaha aliokuwa akiwapeleleza Kinyonga walikuwa na uwezo wa kununua ramani hiyo.

"Mwite. Sasa hivi!" Mama Mdogo akaamuru.

Fundi akatuma maneno waliyokubaliana: mgonjwa amezidiwa, njoo. Nukta ya Kinyonga ikaganda kwenye duka la vipuri. Ikaganda weee. Kisha ikatoka.

"Tembea, baba, tembea," Mama Mdogo akaibembeleza, kama mtoto anayejifunza kusimama.

Adhuhuri Kinyonga akaingia, amenuna, grisi hadi viwikoni. "Mgonjwa nani? Mmenitoa ndo kwanza wananiamini!"

"Mgonjwa ni mimi, na nimeshapona," Mama Mdogo akajibu, akimpapasa mabega.

Alasiri nukta tatu zilitoka kule kwa wauza silaha, zikaja kusimama kona ya kinyozi. Zilisimama muda mrefu, zikitazama mlango wa idara; ramani walikuwa wameshainunua. Kinyonga akaketi mbele ya kioo, ule mnuno umemwisha.

Mama Mdogo akamkumbatia fundi, tumbo na yote. "Mwanangu, Mungu akujalie. Dada yangu alimzaa huyu, mimi nikamlea, leo wewe umemrudisha. Sasa ana mama watatu."

"Hee! Mmoja tu alikuwa ananishinda!" Kinyonga akalalamika, lakini mkono wa fundi alikuwa ameushika, na hakuuachia.