Maksai Aliyebadilishwa Jina

Pale kijijini Mella kila maksai ana jina, na kila jina lina mtu linayemsema. Mtu akigombana na shemeji yake hamtukani. Anamchukua ndama, anampa jina la kumchoma shemeji, kisha analiita shambani kwa sauti kubwa tangu alfajiri hadi jua kali. Ikwap, mwenyekiti wa chama cha kulimiana, alikuwa na maksai wawili, Watasema na Waseme. Hakuna aliyejua wanamsema nani, kwa hiyo majirani wote walinuna kwa zamu.

Chama kilikuwa cha nyumba chache zilizochangia plau moja. Maksai wa Ikwap ndio walioivuta, leo shamba la huyu, kesho la yule, na jioni mwenye shamba aliweka chungu cha ajon, pombe ya wimbi, watu wakakizunguka na mirija yao mirefu. Mambo mazuri, kasoro mwenyekiti. Mfuo ukipinda, Ikwap aliyeshika plau alimfokea mshika kamba aliyetangulia mbele, akamfokea mshika mjeledi, na mvua nayo akaifokea. Msimu uliopita nyumba mbili zilijitoa zikarudi kwenye jembe la mkono. Na sasa Odeke, ambaye Mungu alimpa mdomo akasahau kuutia mlango, alikuwa amesema waziwazi kwamba wakifokewa tena mwaka huu, plau itapelekwa Busia ikauzwe na kila mtu akalime kwa kucha zake.

Maneno hayo yalimwuma Ikwap kuliko alivyoonyesha. Alikipenda chama kile. Kwa hiyo viongozi wa vyama walipoitwa Tororo kwa mafunzo, alikwenda, tena amevaa koti lake la harusi. Mwalimu alikuwa Bwana Laban, mtu wa Busia upande wa Kenya, Kiswahili chake kimenyooka kama reli. Wakulima walitazamia kusikia habari za mbolea. Yeye akawauliza, "Nani alikuwa wa kwanza kukucheka, na mbona mpaka leo unambeba mgongoni?"

Ikwap akamkumbuka baba yake mkubwa, aliyezoea kumwita "nusu mtu" mbele ya wageni kwa sababu ya ufupi wake. Usiku ule hakupata usingizi vizuri. Aliona kwamba siku zote anafoka kabla hajachekwa, ili kicheko kikose pa kuingilia. Na wale maksai hawakuwa wakimsema jirani yeyote. Walikuwa wakimsema yeye mwenyewe.

Alirudi Mella kwa baiskeli, akipiga kengele hata pasipo na mtu. Jioni ile, kwenye chungu cha Odeke, alisimama akatangaza kwamba Ikwap wa zamani amebaki Tororo, chini ya ule mwamba mkubwa wa mjini, na kwamba tangu kesho Watasema anaitwa Uhuru na Waseme anaitwa Subira. Watu walipiga makofi. Odeke akatoa mrija mdomoni, akauliza kama maksai nao walihudhuria mafunzo.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Agwang, mjane, na mawingu yalikwisha kuanza kujazana. Alungat, mke wa Ikwap, alishika kamba mbele. Odeke alishika mjeledi. Ikwap akaikamata plau, akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akaita kwa upole, "Uhuru, twende."

Uhuru akaendelea kucheua.

Akamwita Subira. Subira hakutikisa hata mkia. Akawaita tena na tena, na kila mara upole ulipungua kidogo. Agwang alijifunika mdomo kwa leso. Emong, jirani asiye mwanachama, aliyekuwa akipalilia karanga ng'ambo ya mpaka wa shamba, aliegemea jembe lake ili atazame vizuri.

"Mwenyekiti," Odeke akasema, "hii ng'ombe inangoja cheti yake."

Basi. Ikwap aliyeachwa Tororo akafika mbio, tena bila baiskeli. Alimpokonya Odeke mjeledi, akaushusha, akanguruma, "Watasema!" Maksai wakaruka kana kwamba ndilo neno walilokuwa wakilingoja. Wakavuka mpaka na plau yao, wakazipindua karanga za Emong kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho, kwa mfuo ulionyooka kuliko wowote aliowahi kulima Ikwap.

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Ikwap akamgeukia mkewe, akamwita mjinga asiyejua hata kushika kamba.

Kicheko kikakatika. Odeke akaanza kufungua nira bila kusema neno, na Odeke kukosa neno ilikuwa dalili mbaya kuliko yale mawingu. Agwang alitazama shamba lake ambalo halijaguswa. Chama kilikuwa kinakufa pale pale, mchana kweupe.

Alungat hakulia wala hakupandisha sauti. "Baba Edeku," alisema, "ng'ombe umempa jina jipya jana jioni. Leo asubuhi unamchapa kwa kuwa hajalizoea. Wewe la kwako ulipewa lini?"

Ikwap akautazama mjeledi mkononi mwake. Kila mtu pale alijua jinsi maksai anavyofundishwa jina. Unaliunganisha jipya na la zamani. Unaliita ukimlambisha chumvi, unaliita ukimkuna shingo nira inapotoka, unaliita akiwa ametulia, kamwe si wakati wa mjeledi. Hata mtoto anajua. Yeye alikuwa amelitangaza kwenye pombe, akadhani limekwisha kuingia.

Akamwomba mkewe radhi mbele ya watu wote, jambo ambalo wanaume wa pale walilifanya, wakilifanya, nyumbani gizani. Akamwomba na Emong, akaahidi kumlimia upya. Halafu akamrudishia Odeke, si mjeledi, bali plau yenyewe.

"Mimi nashika kamba," alisema. "Nikianza kufoka, simamisheni ng'ombe. Msinijibu. Tusimame tu mpaka nitulie."

Odeke alimtazama kama mtu anayetafuta mtego ulipo. Kisha akafunga nira tena.

Walisimama mara nyingi siku ile. Mvua iliwakuta hawajamaliza, wakarudi kesho yake wakamaliza. Zilikuwapo siku walizosimama kuliko kulima, na siku moja Ikwap alitupa kamba akaenda zake, akarudi baada ya kutembea mpaka mtoni. Lakini alirudi. Na kila jioni alikaa zizini na chumvi kiganjani, akiita, "Uhuru Watasema. Subira Waseme." Kwenye chungu Odeke alimtania vilevile, na Ikwap alisikia shingo ikipata moto vilevile, akaunyamazia moto ule, akaona kwamba umepita na hakuna aliyekufa. Akaanza kuuliza zamu ifuatayo iwe ya nani, badala ya kuamuru. Pamba ilipofunguka, moja ya zile nyumba mbili ilikuwa imerudi. Emong naye aliingia, akisema ni afadhali plau ile imwingilie shambani kwa ruhusa.

Msimu mpya ulipoanza, wenyewe walimwambia Ikwap ashike plau. Alungat alikuwa mbele na kamba yake. Nusu ya shamba, mfuo ukapinda, na Odeke akapaza sauti kwamba hapo mwenyekiti amelima nyoka, tena nyoka mlevi.

Alungat akawasimamisha maksai kwa mazoea, akangoja mngurumo.

Nyuma yake alisikia watu wakicheka, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mumewe. "Ni nyoka kweli," alisema akijifuta macho. "Njoo, Odeke, shika hapa tumnyooshe." Kisha akaita, "Uhuru, twende," na kabla hajafikiria kuongeza lile jina la zamani, maksai alikuwa amekwisha kutia mguu mbele.