Jiwe la Kijiji Kizima

Wanataka niseme mbwa mwitu ndiye aliyemuua Tundup. Ng'o! Mdomo huu nimezaliwa nao, sikuuazima kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kazi yangu ni hii: nikiona mnyama, au unyayo, au kinyesi, napiga picha kwa simu na kuwatumia watafiti wa wanyama walioko mjini Leh. Silipwi chochote. Tundup, mdogo wa mume wangu, alinitania kila tukinywa chai ya chumvi.

"Shemeji, mavi yameamkaje leo?"

"Hayajambo. Yanakuulizia, yanasema mmefanana."

Tukishacheka, tunapanda wote mlimani. Ni yeye aliyeliona pango la yule mbwa mwitu jike, na watoto wake ndani. Tulilala kifudifudi tukiwaangalia wanavyong'atana masikio, na Tundup akaniomba nisimwambie mtu.

Halafu yule jike akaingia zizi la Ama Yudol, mama yake Tundup, mkwe wangu. Aliua mbuzi mpaka zizi likawa tope la damu. Mama alikaa katikati ya mizoga, hataki kuinuka. Wanaume wakaenda kukarabati shimo la mababu la kunasia mbwa mwitu, lile la mawe, chini pana, juu finyu, anayeingia hatoki. Wakatia mbuzi hai ndani, na mbwa mwitu akaingia kumfuata.

Kwetu kuua ni dhambi. Ndiyo maana kila nyumba hurusha jiwe, na kila anayerusha hugeuza uso, asijue lake limetua wapi. Watu hupiga kelele kwa nguvu ili wasisikie mnyama akilia. Kifo cha wengi harusi, mpaka pombe ya shayiri huletwa.

Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naangalia, kwa sababu hata kifo nakirekodi.

Mbuzi wa chambo alikuwa bado hai. Tundup akapanda ukingoni na kamba amvue. "Mama kabakiwa na mbuzi huyu tu!" alinipigia kelele. Ukingo ukamomonyoka chini ya miguu yake, akadondoka.

Mbwa mwitu hakumgusa. Nasema hakumgusa! Alijibana ukutani, akajikojolea kwa hofu.

"Acheni! Mtu yumo ndani! Acheni, wapumbavu nyie!"

Nani anisikie? Mawe yalimiminika. Moja lilimvunja mkono. Akauinua ule mzima, akaita, "Mama!" Na mama alikuwa ng'ambo ya shimo, uso kaugeuzia mlimani, jiwe kalinyanyua kwa mikono miwili.

"Hili la mbuzi wangu!"

Lilimpata kwenye paji la uso. Niliona linavyoingia. Niliruka mle shimoni nikamkumbatia, na hapo ndipo watu walipogeuka. Alikuwa ameshakata roho.

Wakashuka na mitaimbo, safari hii wakiangalia, wakamponda mbwa mwitu mpaka kichwa kikawa hakipo.

Mwenyekiti Nurboo akanifuata nje ya nyumba ya msiba, watawa wakisoma sala ndani. Nyuma yake vijana walikuwa na madumu ya mafuta ya taa.

"Diskit, utawaandikia watafiti kwamba mbwa mwitu amemng'ata Tundup. Na pango lake najua unalijua, utatuonyesha, tukawachome watoto wake."

"Hakung'ata mtu."

"Una wazimu? Unamtetea mnyama, na shemeji yako yumo ndani maiti?"

"Hakung'ata mtu, Nurboo! Mmemuua nyinyi!"

Nilipaza sauti mno. Mlango ukafunguka, Ama Yudol akatoka akishika ukuta.

"Mwanangu hakung'atwa?"

Mungu wangu, ningesema nini? Ningesema kamng'ata, watoto wale wa pangoni wangeteketea, na Tundup aliniomba. "Hakumgusa, mama."

"Basi ni jiwe. La nani?"

"La kijiji kizima," akadakia Nurboo. "Jiwe halina mwenyewe, mama, unajua."

Hakumtazama. "Diskit. Wewe ulikuwa unaangalia."

Mimi, ninayeogopwa kwa mdomo hapa kijijini, niliinamisha macho, nayo yakatua kwenye mikono yake. Nilipoyanyua, naye alikuwa anaitazama mikono hiyo.

Akaanza kuipiga ukutani. Aliipiga kwenye mawe, ngozi ikachanika, kidole kikavunjika nikikisikia, anaendelea tu, bila kulia. Vijana waliweka madumu chini. Nilimshika kiuno nimvute, akanigeukia akanipiga usoni kwa mikono ileile, tena na tena, na mimi nikamwacha anipige.